Televisheni Yetu ya Sanduku

Yako mazungumzo ambayo hayakosi kuzuka watu wazima wakutanapo, karamuni au msibani, baada ya chai kumiminwa. Mmoja huuliza, "Je, mwakikumbuka kile kipindi?" na hapo kila mtu hutaja kipindi cha televisheni alichokipenda utotoni, hasa vile vilivyofundisha kazi za mikono: kuchora, kupika, kushona, kupanda maua, kutengeneza vitu vya kuchezea. Waliokulia Uingereza hutaja Blue Peter, kipindi cha watoto kilichoanza mwaka 1958, kilichowaonyesha jinsi ya kufanya jambo la maana kwa maboksi matupu na gundi. Waliokulia Marekani humtaja Bob Ross, mchoraji yule mwenye sauti ya upole, ambaye tangu mwaka 1983 hadi mwaka 1994, katika vipindi 403, aliwachorea watu milima na maziwa kwa muda usiotimia nusu saa. Nao Wajapani wanacho kipindi cha mapishi cha shirika la NHK, kilichoanza mwaka 1957, ambacho wajukuu hukitazama kama walivyokitazama bibi zao.

Sisi tuliolelewa Tarime, mkoani Mara, swali hili hutukuta mikono mitupu. Tulipokuwa watoto hapakuwa na televisheni hata moja mjini petu, wala hatukuitazamia. Kenya, ambayo mpaka wake uko Sirari, mwendo mfupi tu kutoka Tarime, ilianza kutangaza kwa televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilipata yake, tena ya rangi, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini huku Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba chombo hicho ni anasa ya watu wachache wa mijini, na kwamba kitazidisha tofauti baina ya mwenye nacho na asiye nacho; heri redio, ambayo mkulima aweza kuinunua na kuichukua begani mpaka shambani kwake. Vituo vya watu binafsi, ITV kikiwa kimojawapo, vilipoanza mwaka 1994, sisi tulikuwa tumekwisha kuwa wazazi.

Hata hivyo sisi nasi tunacho kipindi tunachokikumbuka kwa mapenzi, na televisheni tuliyokionea ilikuwa sanduku la karatasi ngumu lililoletwa na sabuni. Twapenda kuwasimulia habari zake, kwani haikuwa michezo mitupu iliyotufanya tuliunde.

Baba yetu alikuwa fundi wa nguo. Redio yake ilikaa juu ya rafu, karibu na cherehani, na kila jioni baada ya sala ya Magharibi nyumba nzima iliisikiliza. Siku zile Redio Tanzania Dar es Salaam haikuwa ya taarifa za habari na taarabu tu. Ilikuwa mwalimu. Mwaka 1973 ilitangazwa ile kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliiandaa, na kwa muda wa majuma 12 watu nchini kote walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza. Yakadiriwa kwamba vikundi vilikuwa 75,000 na waliohudhuria walikaribia 2,000,000. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kitabu chake. Kipindi kikiisha, kiongozi alisoma, watu wakahojiana, kisha wakakata shauri watafanya nini kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Waliambiwa habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, wala hawakuambiwa kwa vitisho, bali kama watu wazima wanaoweza kufahamu jambo na kulitenda.

Kikundi cha mtaani kwetu kilikutana barazani pa duka moja. Watoto hatukualikwa, lakini nani angetufukuza? Tulikaa nyuma, migongo ukutani, na mdogo wetu, aliyekuwa na umri wa miaka minne, aliinuka kucheza kila muziki wa mwanzo wa kipindi ulipopigwa, hata watu wazima wakamzoea, wakawa wanampigia makofi.

Shangazi yetu, aliyekaa upande wa Serengeti, naye alikisikiliza kipindi hicho akachimba choo kizuri chenye mfuniko. Mwaka uliofuata, 1974, watu walipohamishwa ili wakae pamoja katika vijiji, ilimpasa kukiacha pamoja na nyumba, akachimba kingine alikopelekwa. Mpaka uzeeni kwake alikuwa akisema kwamba yeye peke yake aliifanya Mtu ni Afya mara mbili.

Mwaka huo huo wa 1974 mdogo wetu alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa siku nyingi. Mwenyezi Mungu alimponya, lakini masikio yake hayakurudi. Maneno aliyokwisha kuyajua yalimtoka kidogo kidogo, moja leo, moja kesho, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa akisema kwa mikono, kwa ishara ambazo zilifahamika nyumbani mwetu tu. Shule ya viziwi ilikuwako Tabora tangu mwaka 1963, na nyingine ilifunguliwa Buguruni, Dar es Salaam, mwaka ule ule wa maradhi yake. Baba alipiga hesabu ya nauli na ya karo, akaipiga tena. Mama yeye hakupiga hesabu yo yote. Alisema tu kwamba mtoto asiyesikia akipotea njiani hawezi kuitwa. Basi akabaki nyumbani, akawa anaokota vipande vya nguo chini ya cherehani na kuvipanga kwa rangi zake.

Jambo moja lilitusumbua sana. Jioni, redio ilipofunguliwa, alikuwa akija kuweka kiganja chake juu ya sanduku la redio, akakiacha pale mpaka kipindi kwisha. Aliisikia ikitetemeka. Akatutazama nyuso zetu mmoja mmoja, tukicheka naye akacheka, tukinyamaza naye akanyamaza, na hakuna aliyejua la kumwambia.

Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Hii ya pili ndiyo iliyotuingia sisi watoto moyoni, kwa sababu kupanda miti ni kazi ambayo mtoto aweza kuianza mwenyewe bila kuomba fedha. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa na shughuli zao za mikono, kama magari ya waya na mipira ya matambara. Lakini ghafula kila mmoja akawa na kopo lake la udongo nyuma ya nyumba, na kushindana kukawa ni nani mche wake umetoka kwanza. Redio ilieleza, na pale isipofika ndani sana tulimwuliza bwana miti. Mdogo wetu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, alituona tukichekecha udongo. Akatufuata, akatia mchanga mtupu katika kopo, akafukia mbegu kina cha mkono mzima, akakaa kungoja. Akangoja majuma matatu.

Dada yetu mkubwa ndiye aliyepata shauri. Binamu yetu mmoja, ambaye alikuwa amekaa Nairobi kabla mpaka haujafungwa, alikuwa amemweleza kwamba televisheni ni sanduku lenye kioo, na ndani yake mtu huonyesha kazi kwa mikono yake huku akisema. Dada akatuambia, "Sisi tutaondoa kule kusema."

Alilikata sanduku la sabuni dirisha upande wa mbele. Baba alikuwa na karatasi ya kaki ya kukatia vipimo vya suruali. Vipande vilivyobaki tuliviunga kwa gundi ya uji wa muhogo hata tukapata ukanda mrefu kuliko chumba. Ncha zake tulizifunga katika vijiti viwili, kimoja juu na kimoja chini, vikapenya ubavuni mwa sanduku, na mtu akikizungusha kile cha juu picha zilipanda dirishani moja baada ya nyingine. Wino ulikuwa ule ule wa chuoni, wa masizi na gundi ya mti. Kila jioni dada alisikiliza redio, akaandika aliyoyasikia, na kesho yake tukachora.

Hapo palizuka jambo. Katika picha za kwanza tulimchora bwana miti mzima, na kofia yake na masharubu yake. Mwalimu wetu wa chuo alikuja kwa baba kupimwa kanzu, tukampa shikamoo, naye akaitika marahaba, kisha macho yake yakaangukia sanduku. Alilitazama kwa muda. Akatuomba tumzungushie. Mwisho alisema, "Wanangu, kazi hii ni njema, nami siizuii. Lakini nyuso ziacheni." Habari ya picha za viumbe wanavyuoni wamekwisha kuisema kwa marefu, na hatukukusudia kuifungua hapa, siku zile sisi tulikuwa watoto, na tulilotakiwa ni kutii. Dada akachukua mkasi wa baba akawakata vichwa wote. Ikabaki mikono tu: mikono ikichekecha udongo, mikono ikitia mbegu, mikono ikishika kopo lililotobolewa matundu na kunyunyiza maji.

Kumbe tulikuwa tumefanyiwa hisani. Picha zilipokuwa na nyuso, mdogo wetu alizitazama nyuso, akacheka kwa sababu ya masharubu, mkono usimwambie kitu. Nyuso zilipoondoka, akaanza kuitazama kazi. Aliona kwamba mbegu hufukiwa kina kidogo tu, kiasi cha unene wake mara mbili tatu, kwani tuliichora kando ya ukucha wa kidole. Aliona kwamba udongo wa kopo ni wa namna tatu, wa msituni, wa samadi iliyooza, na mchanga, kwa kuwa tulichora mafungu matatu na mikono mitatu. Akaizungusha picha ile kwa mkono wake, akairudisha, akaizungusha tena. Kisha akaondoka, akamwaga lile kopo lake la mchanga.

Walakini televisheni yetu ilikuwa na hatari yake. Picha zilipendeza zaidi gizani, kibatari kikiwekwa nyuma ya karatasi, na usiku mmoja moto ukashika. Baba aliuzima kwa birika la maji ya kutawadhia. Sehemu kubwa ya ukanda ilisalimika; iliyoungua ilikuwa picha moja, nayo ni ile ya kivuli, inayoonyesha kwamba miche ikiisha kuhamishwa kutoka katika karai na kutiwa kila mmoja katika kopo lake, sharti ijengewe kichanja cha nyasi mpaka ishike mizizi. Tuliunga karatasi pale ilipokatika, tukasema tutaichora siku nyingine.

Hatukuichora. Yeye akafuata alichoonyeshwa. Alihamisha miche sitini ya mkaratusi, mmoja mmoja, kwa kijiti kilichochongwa ncha, kazi ambayo sisi tulimwachia kwa kuwa mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yetu. Akaipanga uani juani, safu sita, akainywesha maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu yote ilikuwa imelala.

Hakulia. Alimshika dada mkono, akampeleka penye makopo, akamwonyesha mche mmoja baada ya mwingine, yote sitini, bila haraka. Kisha akamrudisha ndani, akakiweka kidole chake juu ya sanduku, akakizungusha kijiti polepole mpaka pale tulipounga karatasi, akasimama hapo. Hata leo, twaandikapo maneno haya, twaiona ile sura yake. Baba aliinua kichwa penye cherehani, akasema neno moja la kifundi: "Mmempunja."

Tangu siku ile hapana picha tuliyoiacha. Dada aliichora upya ile ya kivuli kabla ya chakula cha usiku, nasi tukaanza tena na mbegu nyingine.

Tatizo lililofuata lilikuwa betri. Wasomaji vijana wafahamu kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mwaka huo, usifunguliwe mpaka mwishoni mwa mwaka 1983. Katikati yake vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na baada ya vita madukani hapakuwa na kitu. Sabuni, sukari, betri za redio, vyote vilipita Sirari usiku kwa njia za magendo, na aliyekuwa na fedha alivipata. Baba alikataa. Alisema hatasikiliza mafundisho kwa betri za wizi wa ushuru. Basi betri zetu kuukuu tulizianika juu ya bati tangu asubuhi mpaka alasiri, na jioni zikatupa robo saa, au dakika ishirini Mungu akipenda, sauti ikija na kuondoka. Siku moja ilitufia katikati ya maneno. Dada alikimbia mpaka kwa jirani, akasimama nje ya dirisha lao na kalamu yake, akarudi na nusu ya habari. Nusu nyingine alikwenda kumwuliza bwana miti, naye akaja mwenyewe kwetu jioni, akiwa na mche katika kiriba cha plastiki, kitu ambacho hatukupata kukiona karibu. Alipoiona televisheni yetu alikaa chini akaizungusha mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini mikono yote ni ya kushoto. Ni kweli, ilikuwa ya kushoto. Dada alikuwa akiuchora mkono wake wa kushoto huku wa kulia ukishika kalamu.

Mvua za masika za mwaka 1981 zilipoanza, mdogo wetu alikuwa na miche thelathini na minne iliyo hai. Mikaratusi ishirini na miwili aliipanda mpakani mwa kiwanja chetu, katika mashimo ya miguu miwili kwenda chini na miguu miwili upana. Siku hizi yajulikana kwamba mkaratusi ni mlevi wa maji, haufai kupandwa karibu na chemchemi. Siku zile hatukulijua hilo, ila kwa bahati hapakuwa na chemchemi jirani. Kumi na miwili iliyobaki ilikuwa mijohoro, nayo ilikuwa ya shangazi.

Safari ya kwenda kwa shangazi ilikuwa ya lori, kwa njia ya Nyamwaga, mpaka kuuvuka Mto Mara na kuingia wilaya ya Serengeti, na makao yake makuu, Mugumu. Mtu atokaye Tarime penye baridi na migomba na kahawa huona nchi ikibadilika mbele yake: nyasi ndefu, miti ya miiba, jua kali, na mbele zaidi Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951. Tuliibeba miche mapajani, na sanduku la sabuni kichwani.

Shangazi alitupokea kwa vifijo, akawaita watoto wote wa jirani. Hapo ndipo tulipoona ajabu ndogo. Watoto wale walisema Kingoreme, Kinata na Kiikoma. Wachanga wao hawakujua Kiswahili ila salamu, na maelezo ya dada yakawapita. Lakini mdogo wetu alilichukua sanduku, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akaanza kuzungusha. Hakusema kitu, maana hakuwa na la kusema. Alionyesha picha, kisha akafanya kwa mikono yake, kisha akamshika mtoto wa karibu mikono yake akamfanyiza. Hata jua lilipokaribia kuchwa kila mtoto alikuwa na shimo lake. Shangazi akatunong'oneza, "Huyu mwanangu hana haja ya mkalimani. Ninyi ndio mnaomhitaji."

Mbuzi waliila miche mitano juma lile lile. Kwa saba iliyosalia alizungushia miiba kama ya zizi la ng'ombe, na mitatu ikakua ikawa miti ya kivuli, ambayo shangazi alitandika mkeka chini yake mpaka alipoitwa na Mola wake.

Televisheni ya kweli ilipotufikia Tarime, katika miaka ya mwisho ya 1990, tuliikuta katika hoteli ya chai, juu kabisa karibu na dari, na watu wamejaa kwa ajili ya mpira. Mdogo wetu alikuwa mtu mzima, mwenye mke, watoto na kitalu cha kuuza miche. Alikwenda, akalipia kikombe cha chai, akatazama. Alirudi akatueleza kwa ishara kwamba nyuso ni nyingi mno. Tena alikuwa na haki. Mwenye kufundisha kazi mbele ya kamera hupenda aonekane yeye; mkono ukianza tu kufunga fundo, kioo chajaa meno yake yakicheka. Jambo hili halijaisha mpaka leo, nasi tumeliona hata katika picha za simu, ambamo, zaidi ya hayo, mambo huenda mbio kupita kiasi: mbegu yatiwa, na kabla hujameza mate mche umechanua. Siku za kungoja hukatwa. Twajua kwamba hapana atakayekubali kutazama karai la udongo kwa majuma matatu, lakini mtoto hubaki akidhani kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Vipo vilivyomridhisha. Mwaka 2012 kilianza Kenya kipindi kiitwacho Shamba Shape Up, ambacho wenye kukitengeneza huenda kwa mkulima mmoja, nyumbani kwake, wakakaa naye siku kadhaa wakitengeneza lililoharibika: banda la kuku, chakula cha ng'ombe, udongo uliochoka. Humo mikono huonekana vizuri, na mkulima mwenyewe hushika jembe. Na kwa watoto wadogo kulianza Dar es Salaam mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, cha michoro inayotembea, kinachofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na hadithi, na wale waliokitazama wakiwa na miaka saba au minane leo ni vijana kamili, bila shaka siku moja nao watakaa penye chai wakaulizana, "Je, mwakikumbuka?" Watoto wa mdogo wetu hawakukosa kukitazama. Yeye aliketi nyuma yao, akiwatazama wao.

Mikaratusi ile ya mpakani ilitumika mmoja baada ya mwingine, kwa mapaa, kwa uzio, na mmoja kwa ada ya mtoto wa shule. Mwaka 2009 baba alipofariki, watu walianza kuulizana mbao za kuziba mwanandani zipatikane wapi kabla ya Alasiri. Mdogo wetu aliona midomo ikienda, akafahamu. Alitoka nje na msumeno. Viunza vilivyomfunika baba yetu vilitoka katika mti aliouhamisha yeye kutoka karai kwenda kopo, chini ya kivuli cha nyasi, mwaka ule wa betri. Dada, ambaye naye sasa ni bibi, alitukumbusha hayo baadaye, arobaini ilipokwisha. Siku yenyewe hapana aliyesema kitu.

Mwezi uliopita tulikwenda kumwangalia. Tulimkuta sebuleni pamoja na wajukuu watano, televisheni imewashwa na sauti imezimwa. Katika nyumba ile watoto huizima wenyewe, wamezoea. Palikuwa na kipindi kimoja cha bustani. Bwana mmoja aliyevaa vizuri alichukua mche wa mwembe, akauingiza shimoni pamoja na kiriba chake cha plastiki, akafukia, akaigeukia kamera akatabasamu.

Mdogo wetu alijipiga paja. Aliinuka, akatoka uani, akarudi na mche wa mwembe, wembe na karai la udongo, akaketi sakafuni mbele ya kioo. Akakipasua kiriba kuanzia juu kwenda chini, akakivua taratibu bila kuuvunja udongo, akauinua mche ili mizizi ionekane, akawapitishia watoto mmoja mmoja. Yule bwana aliendelea kusema nyuma ya mgongo wake. Wajukuu wote watano walikuwa wamegeuka, nasi tukavuta kiti karibu.